Mkasi Wenye Pengo

8 Februari 2004

Mpwa wangu,

Marahaba, kwa zile shikamoo zote ambazo hujanitumia tangu Desemba. Natumaini u mzima, na goti la mama yako limepoa. Mwambie kaka yake anamsalimu, na ile dawa ya kuchua aliyonifungia safarini imekwisha. Chupa imebaki na harufu tu, nayo naitumia.

Mimi ni mzima. Kiwandani tunashona viti vya kumbi za sinema, mia sita, vyote vyekundu, vyote sawasawa, hata nikifumba macho naona wekundu. Zana ni za kiwanda. Mtu haruhusiwi kuja na zake, na tukitoka wanatupekua mlangoni kana kwamba nitaficha kiti mfukoni.

Sasa tuje kwenye kilichonifanya ninunue bahasha. Jirani yangu mshona viatu, ambaye kwa miaka kumi na minne hajawahi kuniandikia hata salamu, ameniandikia kurasa mbili. Anasema karakana yangu, ambayo nilikuachia funguo uifagie na uwatishe panya, siku hizi kila Jumamosi ina watu watano wanaofoka ndani mlango ukiwa umefungwa. Anasema mara ya kwanza alidhani mnapigana, akaja kuamua, mkampa kiti asikilize.

Mpwa wangu, masharti niliyokuachia hayakuwa mengi. Sponji zisilowe. Kazi za watu zisipokelewe kwa jina langu. Na mkasi mkubwa ulio kwenye droo ya meza ya kukatia usiguswe na mtu. Najua una pengo kwenye makali, tangu siku ile ulipouma msumari uliojificha ndani ya kochi la mwalimu mkuu, lakini hata na pengo lake unakata kuliko mikasi yote ya mtaa huo. Mtu akikata karatasi kwa mkasi wa kitambaa, na awaite polisi mwenyewe.

Sikuondoka hapo kwa kupenda. Unajua lile duka la samani lilivyonifanya. Makochi nashona mimi, wao wanashonea kitambaa chenye jina lao, na wateja wangu wa miaka mingi wakawa wananipita mlangoni kwenda kunisifia kwao. Karakana hiyo ndiyo kitu pekee kilichobaki na jina langu juu ya mlango. Sikukuachia iwe ukumbi wa makelele.

Nijibu upesi. Na usinijibu kwa vina.

Mjomba wako


27 Februari 2004

Mjomba,

Shikamoo, na za tangu Desemba zote humo humo. Goti la mama limepoa, sasa kinachowaka ni ulimi. Anasema dawa ya kuchua haikutengenezwa kunuswa, na atakutumia nyingine ukieleza vizuri ulivyoimaliza. Mtoto wa dada ameota meno mawili na ameshamng'ata daktari. Mimi bado niko kwa dobi, napiga pasi mashati ya watu ambao sijawahi kuwaona wakiwa ndani yake.

Jirani amekuambia kweli. Amesahau tu kukuambia kwamba Jumamosi iliyopita alikuja na mto wake wa kukalia.

Ni hivi, Mjomba. Tuko watano na tunaitwa Sponji Nane, kwa sababu tumesimamisha vipande vinane vya sponji zako vikawa chumba, na ukisema neno humo ndani halikurudii. Tunafanya hip-hop. Tulikwenda kwanza kwenye studio ya mjini. Mwenyewe akataka kila wimbo uanze na jina lake likitajwa mara mbili, kama adhana ya nyumba yake. Tukatoka. Tukaunganisha kompyuta kuukuu na maiki moja, na biti tunazipiga kwa vitu vyako: stepla kubwa, zipu za mito, nyundo ya mpira. Hakuna kilichovunjika. Panya wamehama wenyewe.

Kaseti yetu ya kwanza imeshazunguka mji. Haimo dukani. Unampelekea kinyozi wako kaseti yako yoyote ya zamani, na kesho yake unaikuta imejaa nyimbo zetu. Watu wameleta hadi kaseti za hotuba za harusi zao, na wengine wamesema kabisa tusibakize neno. Siku tukipanda jukwaani, ukumbi unajaa watu ambao hakuna redio iliyowaambia waje.

Kaseti ya pili itatoka Oktoba, pamoja na onyesho letu kubwa, na ndani yake kuna wimbo mmoja ambao hatujampa mtu. Kiitikio chake nilikitunga nikikuwaza wewe na lile duka:

*Nimeshona kiti, sijakaa;*
*nimefua shuka, sijalala;*
*leo nimeshika maiki, sitashuka.*

Nakutumia usikilize kabla ya watu. Zipo nakala saba tu duniani. Nakuomba kitu kimoja: usimpe mtu yeyote.

Na sasa niseme la mwisho nikiwa mbali na mkono wako. Nimeugusa mkasi. Nimekata kitambaa cha pamba, si karatasi, mara tatu mbele ya maiki. Ndio mwanzo wa kaseti yako. Utaujua. Mikasi mingine inasema *kra*. Wako, kwa sababu ya pengo, unasema *kra-tak*.

Mpwa wako


30 Machi 2004

Mpwa wangu,

Marahaba. Mimi ni mzima, viti vimefika mia tatu na arobaini. Dawa imefika, na barua ya mama yako ndani yake imefika pia, nimeisoma nikiwa nimesimama.

Nimesikiliza kaseti yako. Mara moja tu, halafu mara nyingine tatu ili nihakikishe siipendi. Sina redio ya kaseti, nimeazima kwa msimamizi wa ghala, mtu mpole anayevaa kalamu tatu mfukoni na zote zinaandika. Nikuambie kweli: yule wa ubeti wa pili anameza maneno kama anayekula kwa kuiba. Yule mwingine, anayesema aliwahi kumpaka rangi tembo, ni mwongo lakini ni mwongo mwenye sauti. Wewe unakwenda mbio mno. Lakini kile kiitikio nilikirudia nikifunga springi za kiti, na jirani yangu wa meza akakishika, na siku ya pili meza nzima.

Mkasi niliujua kabla haujamaliza kusema. Suala la kuugusa tutaliongea uso kwa uso.

Ila nikuulize kama mzee wako. Mtaenda hivi mpaka lini, kwa vinyozi na kaseti za harusi za watu? Kitu kizuri kinahitaji mtu mwenye nguvu akishike mkono. Msimamizi wa ghala ana shemeji kwenye kampuni kubwa ya muziki hapo hapo mjini kwenu. Anasema wana jengo lenye lifti. Fikirini.

Mjomba wako


18 Aprili 2004

Mjomba,

Shikamoo. Nyumbani wazima. Mama ameshinda ule ugomvi wa maji na mpangaji wa chini, kwa hiyo sasa hana cha kufanya na anatafuta mwingine.

Uliyesema ni mwongo mwenye sauti ni Chumvi. Ndiyo maana tukamwita hivyo. Hawezi kusimulia jambo bila kulikoleza. Kazi yake ni kuchora mabango ya maduka, na ukimwuliza atakuambia amechora nusu ya mji, na nusu nyingine ilimuiga. Alifurahi sana kusikia umemtaja. Kufikia jioni alikuwa anasema umemwita mfalme.

Kuhusu kampuni, hatukuhitaji kufikiri, maana wametufuata wenyewe. Jumanne alikuja mtu wao karakanani, viatu vinang'aa kama paji la uso la bwana harusi. Tukamkaribisha kwenye kochi lisilo na springi. Akazama mpaka magoti yakafika kidevuni, na mkataba wake akausoma akiwa katika hali hiyo. Jina la kundi liwe lao. Sauti zetu ziwe zao. Tukitaka kuimba kwenye harusi ya ndugu, tuombe ruhusa. Watano tupunguzwe wawe wawili, na mmoja wa hao wawili apunguze mwili. Nilimuuliza kama kuna kitu wametuachia. Akasema, bila hata kutabasamu, "Mtabaki na heshima ya kuwa nasi."

Chumvi akamwambia heshima hiyo apake kwenye viatu, naona vimeizoea. Tukamvuta kutoka kwenye kochi, wawili kila mkono, akaondoka.

Lipo jambo moja linanikera, Mjomba. Alipokuwa anaingia alikuwa anapiga mluzi. Alikuwa anapiga mluzi kiitikio cha wimbo ambao haujatoka.

Kaseti yako iko wapi?

Mpwa wako


2 Juni 2004

Mpwa wangu,

Marahaba. Samahani kwa kuchelewa, kazi imezidi, viti vimefika mia tano. Hapa baridi imeingia. Msalimie mama yako na huyo mpangaji wa chini, maskini.

Kaseti ipo, sandukuni, chini ya mashati.

Mluzi ni mluzi tu. Nyimbo zinafanana.

Angalieni paa la nyuma, lilikuwa linavuja upande wa dirisha.

Mjomba wako


20 Juni 2004

Mjomba,

Shikamoo. Nyumbani hakuna mgonjwa. Paa tumeliziba.

Jumatatu nilikuwa napiga pasi, redio imewashwa, mtangazaji akasema sasa msikilize wimbo mpya unaotikisa nchi. Ukaanza na mkasi. Mara tatu. *Kra-tak, kra-tak, kra-tak.* Niliacha pasi juu ya shati la mtu, na shati hilo sasa lina kovu la umbo la pasi, na mwenye nalo amenihakikishia kuwa alilipenda kuliko watoto wake.

Biti ni yetu, stepla yako na zipu zako. Kiitikio ni chetu. Anayeimba ni msanii wa ile kampuni, kijana wa miwani, ambaye katika maisha yake hajashona hata kifungo. "Nimeshona kiti," anasema. Labda alikishona kwa macho. Halafu sikiliza walichofanya mwishoni. Sisi tulisema *leo nimeshika maiki, sitashuka*. Wao wamebadilisha: *leo nimeshika maiki, nashukuru.* Wameiba wimbo, na juu yake wametugeuza tushukuru. Mjomba, kuibiwa ningekuzoea, tumezaliwa tunaibiwa. Hilo la kushukuru ndilo limeninyima usingizi wa siku tatu.

Mtangazaji akaeleza kuwa sauti ya mwanzo ni chombo kipya cha kisasa kutoka ng'ambo.

Nilikwenda kwenye jengo lao. Lifti ipo, ulisema kweli. Kwenye mapokezi kuna kochi refu la kijani lenye jina la duka la samani. Nilipochoka kusubiri niliinua mto, nikaona mshono wako, ule wa kurudi mara mbili kwenye kona ambao hakuna mwingine anaushona. Nimekaa saa tatu juu ya kazi yako, nikisubiri kuja kuambiwa kwamba kazi yetu si yetu. Na ndivyo nilivyoambiwa. Msichana wa mapokezi alisema wimbo ni wa kampuni, na kama nina ushahidi nije na wakili, na nisikae na viatu karibu na mto.

Sasa nikuambie jambo ambalo sikuwahi kukuambia. Zile nakala saba hazikufanana. Wenzangu walinipa kazi ya kuziwekea alama, kila moja ya kwake, nami nikaziwekea mwanzo tofauti. Moja inaanza na stepla, nyingine na zipu, nyingine na bawaba ya mlango, hivyo hivyo, na ni mimi peke yangu ninayejua ipi ilikwenda kwa nani. Wimbo ulipotoka wakanigeukia wote wanne: ni nakala ya nani? Nikasema kampuni wameikata alama, haisikiki.

Basi wakaanza kukisia. Na ukikisia kwenye kundi lenye Chumvi, unafika kwa Chumvi. Ndiye mwenye mdomo. Ndiye anayejuana na kila mwenye duka mjini. Ameapa kwa mama yake hajampa mtu. Lakini aliapa kwa mama huyo huyo kwamba alimpaka rangi tembo. Jumamosi iliyopita wamemwambia asije tena.

Mjomba, alama hawakuikata. Waliidhani ni sehemu ya wimbo.

Ukipigwa huko kwenu, sikiliza mwanzo wake. Kisha uniandikie.

Mpwa wako


25 Julai 2004

Mjomba,

Shikamoo. Barua yangu ilifika, nimeuliza posta.

Chumvi anachora bango la benki mkabala na dobi. Namwona dirishani tangu asubuhi hadi mchana, juu ya ngazi, mgongo kwangu. Yule aliyekuwa anazungumza hata na ngazi, sasa anachora kimya. Jana alishuka, akanikuta mlangoni, akaniuliza swali moja tu: alama kweli haisikiki? Nikasema haisikiki. Akapanda tena ngazi.

Nikisema ukweli nitakutaja wewe, na karakana ni yako, na wewe ni kaka wa mama yangu. Nikinyamaza namzika mtu mzima mzima. Nimenyamaza wiki tano. Si kwamba sijui kuandika jina lako. Nakusubiri uliandike mwenyewe.

Mama anauliza mbona huandiki. Nimemwambia viti ni vingi.

Mpwa wako


19 Agosti 2004

Mpwa wangu,

Marahaba.

Wimbo niliusikia tarehe kumi na saba Juni, kwenye chumba cha kulia cha kiwanda, kabla barua yako haijafika. Watu hamsini walikuwa wanatingisha vichwa, nami peke yangu nimeshika kijiko hewani. Nilisema kwa sauti kwamba ule ni mkasi wangu. Walicheka mpaka mpishi akatoka kuja kuuliza kuna nini. Tangu siku hiyo wananiita Bwana Mkasi, na wimbo ukianza wananipisha njia.

Kaseti haikuwa sandukuni. Nilimpa msimamizi wa ghala mwezi Machi, siku ile ile niliyokuandikia fikirini. Aliniambia shemeji yake ataisikiliza tu. Baadaye nilimwendea mara mbili nikimtaka anirudishie. Mara ya kwanza akasema shemeji amesafiri. Mara ya pili akasema shemeji ameipoteza, na akaongeza kuwa ningeona fahari, maana mkasi wangu uko redioni. Zile kalamu zake tatu nilitamani kumfundisha matumizi mengine. Sikufanya kitu. Nilirudi kwenye meza yangu nikashona kiti chekundu.

Hakunipa chochote, na sikumwomba chochote. Ningependa ingekuwa ni tamaa, maana tamaa mtu anaielewa. Kilichotokea ni kibaya zaidi. Wimbo wenu niliupenda, na sikuamini. Sikuamini kwamba watu watano na vipande vinane vya sponji wanaweza kufika popote bila mtu mwenye lifti. Mimi, niliyelia mwaka mzima kwa sababu ya kitambaa cha duka la samani, nimetoka hapo nikaenda kuwashonea ninyi kitambaa kile kile kwa mkono wangu. Umekaa juu ya kochi langu ukaniandikia bila tusi hata moja. Ungenitukana ningelala.

Hilo ni langu. Sasa sikiliza lako, maana nimekasirika na si kwa ajili yangu tu. Wiki tano ulizoandika sasa ni wiki tisa. Wiki tisa umemwacha mwenzako juu ya ngazi ili unikinge mimi. Sikukuomba unikinge. Kijana amekuuliza uso kwa uso ukamjibu uongo, halafu ukarudi ndani kupiga pasi. Kampuni imewaibia wimbo. Chumvi umemwibia wewe, na ulichomwibia hakirekodiwi upya. Usiniambie ulikuwa unanisubiri. Mimi ni mwoga wa miaka hamsini na nane, nina uzoefu. Wewe unaanza sasa, na unaanza vizuri kuliko nilivyoanza mimi.

Ndani ya bahasha kuna karatasi ya pili. Nimeandika kila kitu: mwezi, mtu, kaseti. Nimesaini kwa jina langu lote, lile ambalo mama yako pekee hulitumia, akikasirika. Waite wote, na Chumvi awepo, uisome kwa sauti. Mimi nimesema langu. Ukimaliza kusoma, utasema lako.

Kisha fungua droo, umpe Chumvi mkasi. Namaanisha awe nao. Autumie apendavyo.

Kwenye onyesho lenu la Oktoba sitakuja. Sina uso wa kuja nao.

Mjomba wako


20 Oktoba 2004

Mjomba,

Shikamoo. Mama mzima, na sasa anajua yote, kwa hiyo jiandae kusoma barua yake ukiwa umekaa, hiyo si ya kusimama. Mtoto wa dada anatembea. Hatua yake ya kwanza aliipiga kumkimbia daktari.

Nilisoma karatasi yako Jumamosi ya mwisho ya Agosti, ndani ya sponji, watu wote watano tumebanana. Nilipomaliza nikasema langu. Humo ndani, nilikuambia, neno halirudi. Sijawahi kutamani mtu anirudishie neno kama siku ile. Wale watatu walitazama chini. Chumvi alitazama sponji kama anayepima sehemu ya kuchora. Kisha akasema polepole:

"Kwa hiyo maisha yangu yote nimesema kweli mara moja, na mara hiyo hiyo ndiyo hamkuniamini."

Hakuna aliyecheka. Baadaye yeye mwenyewe alisema tungecheka, ilikuwa nzuri. Lakini hajanisamehe kabisa, nikuambie ukweli. Ananisalimu. Nikimpa chai anaipokea. Wamenivua kazi ya kuweka alama, sasa mwekaji ni Chumvi, na ubeti wangu kwenye ule wimbo umetolewa. Nilikubali kabla hawajamaliza kusema. Mkasi aliupokea kwa mikono miwili, akaujaribu hewani, *kra-tak*, akaufunga kwenye kitambaa cha rangi zake.

Onyesho lilikuwa Jumapili ya tarehe kumi, saa tisa alasiri, ukumbi wa shule. Tangazo lilikuwa kwa vinyozi tu. Wiki hiyo kampuni walitangaza redioni kwamba kuna kundi la mtaani linaiga wimbo wa msanii wao, na wananchi wawe macho. Wananchi wakawa macho, Mjomba. Waliojaa nje walikuwa wengi kuliko waliojaa ndani. Wengi walikuja na minong'ono: hawa ndio wanaoiga? Mbele walikaa vijana watatu wenye fulana za msanii wa miwani, wamekuja kuzomea.

Hatukuanza na maneno. Chumvi alipanda peke yake, shuka jeupe mkono mmoja, mkasi mkono wa pili. Akaulaza mkasi karibu na maiki, akakata mara tatu.

*Kra-tak, kra-tak, kra-tak.*

Ukumbi mzima ulinyoosha shingo. Unajua mtu anavyokuwa anapomtambua mwenye sauti aliyokuwa akiisikia nyuma ya ukuta mwaka mzima. Ile sauti walikuwa wanaijua kuliko kengele ya shule, walishaicheza kwenye sherehe zao, waliambiwa ni chombo cha kisasa kutoka ng'ambo, na sasa wanaiona: ni mkasi kuukuu, una pengo, umeshikwa na mchora mabango. Mmoja wa wale vijana wa fulana alitazama fulana yake kama imeanza kumwasha. Halafu biti ikaingia, na kiitikio hatukuimba sisi. Waliimba wao. Walipofika mwisho nilifumba macho nikisubiri, maana miezi minne redio imewafundisha kushukuru. Hawakushukuru, Mjomba. *Sitashuka*, ukumbi mzima, mpaka vumbi likadondoka darini.

Kampuni hawajaomba radhi, na hawataomba. Wimbo wao bado unapigwa. Lakini watu sasa wanapiga simu redioni kuomba ule wa mkasi wenyewe, na mtangazaji anasema hana, na watu wanamwambia aende kwa kinyozi. Yule wa viatu alirudi Jumatano, mkataba mpya mkononi, mnene kuliko wa kwanza. Safari hii alikataa kukaa. Tukamwambia tunashukuru. Alipokuwa anatoka, jirani yako mshona viatu alimtazama miguu akamwambia soli imeachia.

Kaseti ya pili imeshajaza mji. Jalada amechora Chumvi: meza yako ya kukatia, droo wazi, haina kitu. Nyuma, mahali ambapo wengine wanaweka jina la kampuni, ameandika *Imetengenezwa karakanani kwa fundi makochi.* Nilimuuliza kama ana hakika. Akasema ameona hati yako na anajua mtu anayesaini jina lake lote.

Limebaki moja, nalo ni la kukukera. Siku ile, kwenye wimbo wa nne, shuka lilikwisha. Watu wanataka mkasi, Chumvi hana cha kukata. Akang'oa bango la onyesho ukutani. La karatasi, Mjomba, tena ile ngumu. Alilikata lote, vipande vipande, akawarushia watu, na watu wamevihifadhi. Sheria yako tunaijua, na hakuna aliyewaita polisi. Ila mkasi umekuwa butu, na sasa hivi unasema kitu ambacho hata sijui nikuandikieje.

Wanoaji wawili wamekuja. Wote wamesema wataunoa vizuri mpaka lile pengo lipotee. Chumvi amewafukuza. Anasema yuko mtu mmoja tu anayejua kuunoa bila kuligusa, na kwamba kabla ya viti mia sita mtu huyo alikuwa fundi.

Ni yeye aliyesema nikuandikie. Njoo. Pengo tumekutunzia.

Mpwa wako